Jiwe la Sufuria

Tulipomaliza kumzika Kerubo kwao Kisii, ilibidi mtu aje Mwiki, hapa Ruiru, atoe vitu vyake kabla mwenye nyumba hajakipangisha chumba. Mtu huyo nikawa mimi, kwa sababu ndugu zake walisema hawaijui Ruiru na wanaogopa kupotea, jambo ambalo sikuliamini hata kidogo. Asubuhi hiyo nilimkuta mlangoni mwanamke mnene amekalia ndoo iliyopinduliwa. Nilimsalimia vizuri, kama unavyomsalimia mgeni, naye akanitazama kutoka juu hadi chini akaniita Wairimu wa Msasa. Jina hilo halikuwa limetoka kinywani mwa mtu tangu nilipokuwa msichana wa Kiganjo, kule Thika, na kati ya waliolijua ni wawili tu waliowahi kunipenda. Mmoja tulikuwa tumemzika. Huyu wa pili alikuwa Nyambura, ambaye sikuwa nimemwona tangu mwaka ninaotaka kuusimulia hapa. Habari za msiba zilimfikia Nakuru zikiwa zimechelewa, akaamua kwamba kama amekosa kaburi hatakosa kufagia. Tulikumbatiana hapo mlangoni, tukalia bila haya, halafu tukaanza kukunja mablanketi.

Chini ya kitanda tulikuta mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na kitambaa cha kitenge, na ndani ya kitambaa jiwe jeusi lenye ukubwa wa kipande cha sabuni, limechorwa kwa mistari myeupe. Mchoro wenyewe ulikuwa duara kubwa katikati, duara dogo kila upande, na mstari mmoja unaopita katikati ya yote matatu. Nyambura alilijua papo hapo. Aliligeuzageuza mkononi, akaniuliza kwa nini katika mawe yote yale ya mzungu Kerubo aliliweka hili moja maisha yake yote. Nilikuwa najua sababu. Nilikuwa nimeapa kutoisema maadamu Kerubo yu hai, na sasa hakuwa hai, lakini mdomo ulikataa. Nikamwambia tumalize kazi kwanza, kisha twende tukale nyama choma Kamakis, nitamwambia huko. Alilitia jiwe ndani ya sidiria, mahali anapoweka kila kitu cha maana, tukaendelea kufagia.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule niliomaliza shule. Habari za wazazi wangu nitaziacha zilipo. Inatosha kusema kwamba nilihitaji mahali pa kulala na kazi ya kufanya, na Kerubo alikuwa na vyote viwili. Alikuwa mchongaji wa mawe ya Kisii, yale laini yanayokatika kwa kisu. Kwao, kuchonga ni kazi ya wanaume, na wanawake hupewa ndoo ya maji na msasa wayasugue yang'ae. Kerubo alichoka kusugua vilivyochongwa na wengine, akachukua tezo na patasi akahamia Thika, ambako hakuna aliyejua kwamba anakosea. Alipanga chumba katika ploti moja ya Kiganjo, vyumba vikitazamana, bomba moja katikati, na nyuma karibu na ua akajenga kibanda cha mabati cha kazi. Mimi nikawa wa msasa. Kutwa nzima mikono yangu ilikuwa ndani ya maji meupe, na jioni vumbi la mawe lilikuwa masikioni, kwenye nyusi, na mpaka kwenye ugali wa wimbi tuliokula na chinsaga, mboga za kwao Kisii. Nilimwita Auntie. Alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa jua likishuka alifunika mawe kwa gunia, na hakuna mteja aliyeweza kumfanya alifunue mpaka Sabato iishe. Sijawahi kukutana na mtu asiyejua kusema uongo kama yule. Ukimwuliza kama nguo imekupendeza, ujue utaambiwa.

Ukuta wetu wa kushoto ulikuwa wa mbao, na ng'ambo yake waliishi Gitau mwenye bucha, mkewe Nyambura na mtoto wao Shiro, ambaye alikuwa hajaanza shule. Gitau alikuwa mtu wa kupendeza mbele za watu. Alichekesha wateja, aliongeza kipande juu ya mizani, alisalimia wazee kwa mikono miwili. Nyama ikiisha saa za mchana alipitia kwenye pombe, na alipofika nyumbani alimpiga mke wake. Sitalipamba jambo hili. Alimpiga kwa mkanda, kwa mti wa mwiko, kwa kiatu, na siku moja kwa mguu wa ng'ombe aliokuja nao wa supu. Kabla ya kupiga hakupaza sauti, aliishusha. Mimi nilijifunza kuisikia ile sauti ikishuka kabla ya pigo la kwanza. Majirani nao walikuwa na utaratibu wao. Radio ya chumba cha kwanza ilipandishwa, kisha ya pili, mpaka ploti nzima ikawa inaimba nyimbo za injili mchana kweupe. Nilikuwa mgeni, na nilidhani watu hawa wanapenda Mungu sana, mpaka nilipoelewa zile radio zilikuwa za nini. Hasira niliyoipata siku hiyo bado ninayo, na sina mpango wa kuiacha.

Kerubo hakuwa na radio. Sauti za ngumi zilipoanza alifuta mikono, akaenda akasimama mlangoni pa Gitau, akaomba aazimwe chumvi. Alifanya hivyo kila mara. Tulikuwa na chumvi ya kutosha kuhifadhi ng'ombe mzima, lakini aliendelea kuomba, kwa sauti ile ile ya adabu, mpaka mlango ufunguliwe. Mara nyingi ilisaidia, kwa sababu Gitau aliona haya kupiga akiwa na mgeni mlangoni. Kisha siku moja hakuona haya. Alifungua, akampiga Kerubo usoni kwa ubapa wa kisu cha bucha, nyusi ikapasuka, damu ikamfunika jicho. Tulipoenda kushtaki polisi tuliambiwa kwamba mambo ya nyumba huzungumzwa nyumbani. Kerubo alishonwa, akarudi, akapika. Siku iliyofuata niliposikia ile sauti ikishuka nilimshika mkono nikamwomba asiende. Alienda, akaomba chumvi.

Wakati nyusi inapona ndipo akaja Morag. Alikuwa mzungu wa Scotland, mwalimu wa kujitolea, aliyewahi kununua mabakuli yetu. Alikuja na picha za mawe makubwa ya kwao, yaliyosimama mashambani tangu zamani sana, yamechorwa na watu walioitwa Wapikti. Watu hao walikwisha, akasema, na waliacha alama zile zile zikijirudia kila mahali. Kulikuwa na mwezi mwandamo wenye mshale uliovunjika juu yake, maduara mawili yaliyopitiwa na mstari wa radi, maduara matatu yenye mstari katikati, nyoka, samaki, bata anayetazama nyuma, kioo na kitana, na mnyama mmoja mwenye mdomo mrefu ambaye mpaka leo hakuna anayejua ni mnyama gani. Wala hakuna awezaye kusoma zina maana gani. Morag alitaka seti ya mawe madogo yenye alama hizo, mawe ya ramli, ya kutia mkono na kutoa moja na kulitafakari. Alitaka yakae ndani ya kibuyu cha huku kwetu. Na kwa kuwa maana zake zimepotea, alimwomba mchongaji mwenyewe azipe maana mpya.

Kerubo alimwambia wazi kwamba jiwe halijui kitu. Morag akasema hata yeye anajua hivyo, ni njia tu ya kukaa kimya na kujiuliza. Kerubo alilifikiria jambo hilo Sabato nzima. Jumapili asubuhi alisema kwamba kujiuliza si dhambi, akaanza kukata. Alichonga vipande, mimi nikavisugua, msasa wa kukwaruza kwanza na laini baadaye, ndani ya beseni. Tuliviweka juani vikapata moto, tukavipaka rangi nyeusi ya viatu ikanywewa na jiwe, kisha Kerubo akakwaruza alama kwa ncha ya msumari, na ule weupe wa ndani ukajitokeza. Ilikuwa raha kuutazama mstari ukizaliwa. Nilikuwa na umri wa kutojua ninataka nini duniani, na hapo nikajua.

Maana tulizitoa sisi watatu. Nyambura alikuja kukaa nasi Gitau akiwa bucha, akileta matumbo aliyoyaficha chini ya fungu la mboga, na Shiro akicheza na vumbi. Alipoona yule mnyama wa mdomo mrefu hakufikiri hata kidogo. Alisema huyo ni Gitau akitafuta kitasa cha mlango. Tulicheka mpaka Kerubo akaweka msumari chini. Mnyama akaitwa Anayeishi Nyumbani. Kioo na kitana vikaitwa Jione. Samaki, ambaye hupanda mto kinyume, akaitwa Rudi Kwenu. Mshale uliovunjika tulibishania, na Nyambura akashinda, akauita Hana Mwingine, yaani aliyekurushia amemaliza. Yale maduara matatu Morag alituambia kwamba wengine hudhani ni chungu kikubwa kinachotazamwa kutoka juu, maduara madogo yakiwa mishikio, na mstari ukiwa mti wa kukibebea. Kerubo alisema hicho si chungu, ni sufuria, mtu yeyote anaona. Alipoulizwa maana yake alisema, "Kula kwanza. Mtu akiwa na shida kubwa anasahau kukula. Akipata hii jiwe, ale, ndio afikirie." Hiyo ndiyo ilikuwa falsafa yake yote ya maisha, na sijapata nyingine bora.

Sasa nieleze kosa letu, maana lilikuwa letu na hatukuliona. Kerubo alikuwa wa Kisii na mimi nilikuwa mtoto wa kanisa, sikufundishwa mambo ya zamani ya Wakikuyu. Kuzunguka kibanda chetu ardhi ilikuwa nyeupe kwa vumbi. Juu ya ngozi ya mbuzi tuliyoitumia kuanikia, tulimwaga vipande vidogo kutoka ndani ya kibuyu, tukavipanga, tukavirudisha, tukatikisa. Mama wa mwenye ploti, ambaye sote tulimwita cucu, yaani nyanya, alipita kuchota maji akaona. Alipokuwa mdogo alikuwa ameona mundu mugo, mganga wa Kikuyu, akifanya kazi. Mundu mugo hutikisa kibuyu, humwaga vihesabio juu ya ngozi, na huwapaka watu ira, chokaa nyeupe. Tulikuwa na kibuyu, ngozi na weupe, na Nyambura ameketi mbele yetu kama mteja akitoa jiwe kwa mkono wake. Hakukosekana kitu. Cucu aliacha ndoo pale bombani ikafurika, akaenda chumba kwa chumba. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyekuja kuazima moto kwetu. Mtoto wa fundi wa baiskeli aliugua tumbo, tukatazamwa. Kuku wa mtu walikufa, tukatazamwa. Mchungaji wa kanisa la pembeni alihubiri kwa kipaza sauti kuhusu wageni wanaoleta giza, na kipaza sauti chenyewe kilikuwa kimeelekezwa kwetu. Kerubo alimwambia kila aliyetaka kusikia na asiyetaka kwamba jiwe halijui kitu. Hakuna aliyemwamini. Mtu asiyesema uongo akisema ukweli wasioutaka, huwa ni kazi bure.

Kisha Gitau akampiga Shiro. Ilikuwa mchana, supu ilikuwa mezani, mtoto akaimwaga. Nilisikia sauti ikishuka, nikangoja mlio nilioujua, lakini mlio uliofuata ulikuwa mwembamba, na baadaye kimya, na baada ya kimya Nyambura akapiga unyende ambao hakuna radio ingeweza kuufunika. Mkono wa mtoto ulikuwa umevunjika karibu na kiwiko. Gitau aliketi kitandani akilia kwamba amefanya nini, amefanya nini, kana kwamba kuna aliyekuwa hajui. Usiku huo Nyambura alifunga mkono wa mtoto kwa vijiti na kanga. Asubuhi, Gitau alipokwenda machinjioni, niliwapeleka Nyambura na Shiro hospitali, na kutoka hospitali moja kwa moja hadi Mwiki, kwa binamu yangu aliyekuwa akiuza mitumba. Hakuondoka kwa sababu ya jiwe lolote. Hakugusa kibuyu asubuhi hiyo. Nataka hili lieleweke, kwa sababu kwa miaka mingi watu wa ploti ile wamesimulia kwamba alitabiriwa.

Siku mbili Gitau alizunguka Thika akiuliza. Siku ya tatu, jua likiwa kichwani, aliingia kupitia mlango wa ploti akiwa ameshika panga la kukatia mifupa. Hakuwa amelewa. Hilo ndilo lililoniogopesha. Watu walitoka vyumbani wakasimama kutazama. Kerubo alikuwa ameketi kibandani akimalizia kuyang'arisha mawe kwa nta, na kibuyu kilikuwa kando yake. Mimi nilikuwa kwenye beseni. Gitau alipiga teke meza ya kazi, mabakuli ya wiki nzima yakaanguka yakapasuka. Alinishika nywele akanivuta kutoka kwenye maji, akaniwekea panga shingoni, baridi, likinuka mafuta ya ng'ombe. Akamwambia Kerubo kwa ile sauti ya chini:

"Nimeambiwa ameonekana akienda Ruiru. Ruiru ni kubwa. Hiyo kibuyu yako iniambie ni wapi."

Nilifumba macho. Nilijua atakachojibu, kwa maana alikuwa amelijibu jambo hilo kwa kila mtu: jiwe halijui kitu. Atasema ukweli wake, na mtu huyu ataniuliza mimi, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na Mwiki tayari kwenye ulimi. Nilikuwa nasikia mapigo ya moyo wangu yakigonga lile panga. Ndipo nikasikia kibuyu kikitikiswa.

Nilipofumbua macho Kerubo alikuwa amepiga magoti mbele ya ile ngozi ya mbuzi. Alichovya kidole kwenye vumbi letu jeupe akajichora paji la uso. Sijui alijua wapi, labda kutokana na maneno ya cucu yaliyotuzunguka wiki zile zote. Majirani walivuta pumzi kwa pamoja. Akatikisa tena, akatia mkono, akatoa jiwe moja, akalitazama kwa muda mrefu. Kutoka nilipokuwa nililiona vizuri. Lilikuwa sufuria.

"Kuja uone mwenyewe, Baba Shiro," akasema, na sauti haikutetemeka. "Hii ya katikati ni Thika. Hii ndogo ya huku ni Ruiru. Ona hii laini, imepita Ruiru, haikusimama. Imerudi. Imetoka na upande hii ingine. Amevuka daraja, ameshika barabara ya Garissa. Ako mbele ya Matuu, kwa nyumba iko na mti kubwa. Lakini uende leo. Kesho anatoka."

Gitau aliniachia. Bingwa huyu wa kuvunja watoto mikono aliinama kulitazama jiwe bila kuthubutu kuligusa. Alikuwa amelelewa na nyanya yake, na ndani yake hofu ya kibuyu ilikuwa bado mbichi. Alisema ahsante. Naapa alisema ahsante. Akatoka, akakimbia barabarani na panga lake, na kwa siku tano alizunguka Matuu na Mwingi akiulizia nyumba yenye mti mkubwa, katika nchi ambayo kila nyumba ina mti, wakati Nyambura na mtoto walihama Mwiki wakaenda Nakuru, ambako hakuwafikia kamwe.

Ningependa kusema kwamba majirani walipiga makofi. Walikuwa wamesimama pale, wamemwona kwa macho yao akipiga ramli, na ira ikiwa usoni. Yote waliyoyanong'ona yalikuwa yamethibitishwa naye mwenyewe. Wa kwanza kurusha alikuwa mwanamke aliyekuwa akituletea maziwa. Alirusha bakuli letu. Baada ya hapo sikuweza kutambua nani ni nani. Walitupiga kwa vitu tulivyovichonga sisi wenyewe, ndovu, vifaru, vinara vya mishumaa, na nikajua kwamba jiwe laini halina ulaini wowote likifika kwenye mbavu. Walimwaga beseni, wakang'oa mabati, wakayakanyaga mawe ya Morag mpaka mengi yakawa unga. Walinitupa nje ya ua nikiwa sina meno mawili ya mbele. Kupitia mianya ya ua nikawaona wakimburuta Kerubo mpaka kwenye gogo lake la kazi. Fundi wa baiskeli, yule ambaye Kerubo alikuwa amembebea mtoto mgongoni kumpeleka zahanati, alimshika kifundo cha mkono wa kulia akaulaza juu ya gogo, na mwingine akaupiga kwa nyundo yetu. Alipiga zaidi ya mara moja. Wakati huo wote radio moja ilikuwa ikiimba, kwa kuwa mtu alikuwa ameiwasha kwa mazoea. Kerubo hakupiga kelele. Alikuwa amefunga ngumi ya mkono wa kushoto, na hakuna aliyeshughulika kuifungua.

Tulihamia Mwiki, katika chumba hicho nilichokisafisha juzi. Mkono wake ulipona ukiwa umekunjika, vidole vitatu havikusikia tena. Miezi iliyobaki ya mwaka huo ndiyo iliyonitengeneza. Yeye aliketi kitandani akisema, nami nikakata, na kila nilipokosea alinipiga kwa mwiko kwenye goti kwa mkono wa kushoto, na nilimshukuru kwa kila pigo kwa sababu lilikuwa na kipimo. Tulitengeneza seti nyingine nzima kutoka kwenye picha. Mistari ya mwanzo ilinitetemeka, na ile ya mwisho haikutetemeka. Morag alipokuja kuichukua na kuona ule mkono, alilia sana akasema kosa ni lake. Kerubo akamwambia achukue mawe yake, anywe chai, aache kulia. Niliendelea na kazi hiyo, na mpaka leo ndiyo inayonilisha.

Kanisani Kerubo alisimama mbele ya watu akatubu uongo. Hakueleza ulikuwa uongo gani. Ramli hakuitubu, kwa sababu hakuwahi kuipiga. Wakamwondoa kwenye ualimu wa watoto, akakaa kiti cha nyuma tangu siku hiyo mpaka kifo chake. Nilimwuliza mara moja tu kwa nini alifanya vile, yeye ambaye hakuweza kudanganya hata kuhusu gauni. Alikuwa anachambua mboga kwa mkono mmoja. Akasema, "Nilikuwa namwambia haijui, haijui. Hakutaka hiyo. Alitaka ijue. Nikampea." Halafu akaniapisha kwamba Nyambura asiambiwe maadamu yeye Kerubo yu hai, ataubeba mzigo usio wake. Nyambura aambiwe tu kwamba ni wajinga wa ploti walioona kibuyu. Ndivyo alivyoambiwa, na ndivyo alivyoamini alipokuwa akiuza nguo zake Nakuru na kumlea Shiro, ambaye sasa ana watoto wake na mkono usionyooka vizuri.

Kamakis ilikuwa imejaa moshi na watu wa mchana. Tuliketi kona, tukaagiza mbuzi, na nyama ilipoiva kijana akaileta juu ya ubao na kuanza kuikatakata hapo mbele yetu, kisu kikigonga mti. Nyambura alishika ukingo wa meza, midomo ikawa ya kijivu. Miaka yote hiyo, na bado. Kijana hakuelewa, akazidi kukata kwa mbwembwe. Nyambura alisema hana njaa, nile mimi. Akatoa jiwe kifuani akaliweka kati yetu, akasema ameshafagia, ameshangoja, sasa nimwambie.

Nilimwambia yote. Nilimwambia kuhusu panga, vumbi kwenye paji la uso, Matuu, na gogo. Hakunikatiza. Machozi yalimshuka tu yakaingia kwenye kola. Nilipomaliza akasema kwa sauti ndogo kwamba basi jiwe hili ndilo lililokuwa ndani ya ngumi.

"Ndiyo hiyo," nikasema.

"Na alimsomea eti ni barabara."

"Alimsomea hivyo."

Nyambura aliyafuata yale maduara kwa kidole, dogo, kubwa, dogo. Tulikuwa watu wawili tu waliobaki katika nchi hii wanaojua jiwe lile linasema nini hasa, na nilimwona likimjia. Alianza kucheka, mabega yakitikisika, kilio kikiwa bado hakijaisha, mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. Akajifuta uso kwa leso. Akamnyooshea kijana mkono, akamwambia aache kisu hapo aende zake, atakata mwenyewe. Alikishika. Alikata mbavu vipande vizuri, pole pole, akasogeza chumvi karibu yangu, na yeye akatangulia kula.